Kipoza oili cha ziada si dawa ya gari linalochemka

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo limewashika wenye magari wengi hapa Malindi tangu joto la kaskazi lilipoanza, nalo ni kufunga kipoza oili cha ziada, yaani kijirejeta cha kupozea oili ya injini kwa hewa, mbele ya rejeta. Wauzaji wa spea wanakipigia debe, mafundi wanakifunga, na mwenye gari analipa pesa nyingi akiamini kwamba injini yake sasa imesalimika na joto la Pwani. Mimi ni fundi wa magari na gereji yangu iko Maweni. Sikikatai kifaa hicho, kwani kina kazi yake na yapo magari ambayo yanakihitaji kweli. Ninachokataa ni kukifunga kabla ya mtu yeyote kupima joto la oili yenyewe.

Geji ya joto iliyo kwenye dashibodi ya magari mengi hupima maji, haipimi oili. Mshale unaweza kutulia katikati siku nzima huku oili imepata moto kupita kiasi, na pia maji yanaweza kuchemka ilhali oili haijafika pabaya. Oili ya injini hufanya kazi yake sawasawa ikiwa katika nyuzi 90 hadi 110 hivi za Selsiasi, na ndiyo maana ile 30 ya 5W-30, au 40 ya 15W-40, tunayoisoma kwenye mikebe, ni kiwango cha uzito wa oili (ugumu wake wa kutiririka) kikiwa kimepimwa katika nyuzi 100. Ikipita nyuzi 130 na kukaa huko kwa muda mrefu, oili ya kawaida huanza kuharibika upesi: mwanzoni inakuwa nyepesi mno, shinikizo linashuka na beringi za krenki zinakosa utando wa kuzitenganisha na chuma; baadaye inageuka nzito na nyeusi, na kuacha masizi ndani ya injini. Mafundi tumefundishwa kukadiria kwamba kila joto linapopanda kwa nyuzi 10, kasi ya kuharibika huko huongezeka takriban maradufu. Hiyo ndiyo hatari ambayo kipoza huikinga, na ni hatari ya kweli.

Lakini oili iliyopoa kupita kiasi nayo huiua injini, ingawa taratibu. Kila lita ya petroli inayoungua hutoa takriban lita moja ya maji, ambayo karibu yote hutoka kwenye ekzosi kama mvuke, lakini kiasi kidogo hupenya kwenye ringi za pistoni na kushuka kwenye oili pamoja na petroli ambayo haikuungua. Oili ikipata moto wake wa kawaida, unyevu huo hufukizwa na kuondoka. Isipopata, unabaki humo humo. Hivi majuzi nililetewa Toyota Noah ambayo mwenyewe alikuwa na hofu kwamba gasketi ya hedi imekatika na maji ya rejeta yanaingia kwenye oili, kwa kuwa alipofungua kifuniko cha kutilia oili alikuta utando wa rangi ya maziwa umeganda chini yake kama samli. Gasketi ilikuwa nzima: maji ya rejeta hayakuwa yakipungua, wala hayakutoa mapovu injini ikinguruma. Gari hilo lilikuwa limefungiwa kipoza kisicho na themostati, yaani vali inayoizuia oili isipite kwenye kipoza hadi ipate moto, na safari zake zote zilikuwa fupi, kutoka nyumbani hadi sokoni, kutoka sokoni hadi Kasuarina, likizimwa kila mara kabla oili haijapata moto wa kutosha. Mwenye gari alikuwa amenunua kinga ya joto akaletewa unyevu.

Hoja ambayo wauzaji huitumia sana ni kwamba magari haya yaliundwa kwa ajili ya baridi ya Japani. Hoja hiyo haina msingi. Wakati wa kiangazi cha Japani, hasa mwezi wa Agosti, joto la mji kama Tokyo hupita nyuzi 35 mara kwa mara, kiwango ambacho sisi wa Malindi, wenye upepo wa bahari, hatukifikii ila kwa nadra. Baadhi ya magari hayo, tena yakiwa na injini zile zile, huuzwa pia katika nchi za Ghuba. Gari likichemka hapa, kwa kawaida si kwa sababu waliolitengeneza walisahau jua.

Huchemka kwa sababu tumelikosesha kile lililotoka nacho kiwandani. Katika magari yanayoletwa kwangu kwa malalamiko ya joto, kitu cha kwanza ninachokitafuta ni themostati ya maji, na mara nyingi siikuti, kwa kuwa kuna fundi aliyeitoa akidhani anaisaidia injini. Kisha naangalia maji yenyewe. Visima vingi vya mji huu vina maji ya chumvichumvi, na ndiyo yanayotiwa ndani ya rejeta mwaka baada ya mwaka badala ya kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini. Ukiikata rejeta ya namna hiyo utaona mirija myembamba imezibwa na ukoko mweupe, mgumu, ambao hata ukiukwangua kwa bisibisi hautoki wote. Kuna na kifuniko cha rejeta, kile chenye alama ya 0.9 au 1.1, ambacho kazi yake ni kushikilia shinikizo ili maji yasichemke yanapofika nyuzi 100. Mpira wake ukichoka, maji hutokota mapema na kumwagika, na mwenye gari huambiwa kwamba injini yake ni dhaifu. Kuna pia lile kava la plastiki linalozunguka feni, ambalo huvunjika, hutolewa, na halirudishwi tena, hivyo feni inabaki kuzungusha hewa ya moto pale pale ilipo. Kurekebisha mambo haya, ukiondoa kubadilisha rejeta nzima, ni rahisi kuliko kununua kipoza na mipira yake ya kupitishia oili. Tena kipoza kikifungwa mbele ya rejeta iliyoziba, huipelekea hewa ambayo imekwisha kupata moto, na maji huchemka mapema kuliko awali.

Wengi pia hawajui kwamba gari lao huenda lina kipoza tayari. Injini nyingi za dizeli, na nyingi za siku hizi zenye tabo (turbo), hutoka na kipoza kilichofungwa pembeni mwa bloku au chini ya filta ya oili, ambamo maji ya rejeta hupita kando ya oili bila kuchanganyika nayo. Mfumo huo una hekima yake, kwa sababu asubuhi maji hupata moto kabla ya oili na kuisaidia kupata moto, na gari likifanya kazi ngumu maji hayo hayo huiondolea oili joto. Hata Volkswagen ya zamani ya kobe, isiyo na maji kabisa, ilitoka na kipoza oili ndani ya kasha la feni. Mwenye gari kama hilo anahitaji kukisafisha alicho nacho kabla ya kutafuta kingine.

Nani basi anakihitaji? Ni mtu ambaye gari lake hubeba au kuvuta mzigo mzito kwa mwendo wa kasi na kwa muda mrefu, kwa mfano anayetoka hapa usawa wa bahari na kupanda hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu, na ambaye amefunga geji ya oili akaona mshale ukivuka 120 safari baada ya safari ingawa mfumo wa maji ni mzima. Wenye magari ya kupeleka wageni Tsavo Mashariki kupitia lango la Sala huniambia kwamba mchanga ndio unaowatesa, lakini kipoza cha hewa hutegemea upepo wa mwendo, na gari linalotambaa kwenye mchanga au lililosimama likiwatazama ndovu halina upepo huo, labda kipoza kiwe na feni yake. Katika magari ya otomatiki, mchanga na trela ya mashua huumiza giaboksi kabla ya injini, na huko kipoza cha mafuta ya giaboksi kina faida kubwa zaidi.

Kwa aliyepima na kuridhika kwamba anakihitaji, namsihi asinunue kipoza kilichotolewa kwenye injini iliyokufa. Injini ikisaga beringi, chembe za chuma hunasa ndani ya mirija ya kipoza, na hakuna namna ya kuosha ya kuaminika itakayozitoa zote. Siku moja zitang'oka ziingie kwenye injini yake. Achukue kile chenye themostati inayofunguka oili ikifika nyuzi 80 au 85. Mipira iwe ya oili, si ya maji, kwa maana mpira wa maji hufura na kulainika ukiguswa na oili, na ukipasuka barabarani pampu itamwaga oili yote kwa muda usiofika dakika moja.

Na aliyekwisha kufungiwa afungue boneti leo hii. Apitishe mkono kwenye mipira yote mahali inapogusa chuma, atazame kama mapezi ya alumini ya kipoza yameanza kutoa unga mweupe kwa ajili ya hewa ya chumvi, na amwulize fundi wake kama kuna themostati. Jibu likiwa hapana, aiombe ifungwe au kipoza kitolewe, na kila anapobadilisha oili akumbuke kwamba kiasi fulani cha oili chafu hubaki ndani ya kipoza na mipira yake isipomwagwa kutoka huko nako.

Wako,
Fundi wa magari,
Maweni, Malindi