Njia ya baiskeli si anasa, nimeipita mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba kutenga njia za baiskeli ni anasa ya nchi zilizoshiba. Mimi ni mkulima wa zabibu hapa Mpunguzi, Dodoma. Nina eka mbili na nusu za mizabibu, na tangu nimalize darasa la saba mpaka leo baiskeli ndiyo gari langu. Septemba ya mwaka juzi nilikwenda Ufaransa kumwona binti yangu aliyeolewa Chalon-sur-Saône, na kwa siku tano mimi na yeye tulizunguka kwa baiskeli katika mashamba ya zabibu ya mkoa wa Bourgogne. Ninayoyaandika nimeyaona kwa macho yangu.

Siku ya kwanza tulipakia baiskeli kwenye treni ya mkoa, tukashuka Beaune. Kutoka hapo kuna njia wanayoiita Voie des Vignes, yaani Njia ya Mizabibu, yenye urefu wa kilomita 22 hivi hadi Santenay. Inapita Pommard, Volnay, Meursault, Puligny-Montrachet na Chassagne-Montrachet. Nilitegemea kukuta barabara mpya iliyomeza fedha. Nilichokuta ni njia za shamba, zile zile ambazo mkulima anapita asubuhi kwenda kupogoa. Wamezisakafia, wakaziunganisha kijiji hadi kijiji, wakaweka vibao. Gari la mtu anayefanya kazi shambani linaruhusiwa. Mengine yanabaki barabara kuu, ambayo iko mbali kiasi kwamba huisikii.

Mkulima mwenzangu akisoma hapa atataka nimweleze mizabibu yenyewe. Ni mifupi, inakufika kiunoni, na imesongamana mno: mashina 10,000 kwa hekta moja ni jambo la kawaida kule. Mstari na mstari vimeachana mita moja tu, wala huwezi kuingiza trekta katikati. Kwa hiyo trekta lao lina miguu mirefu. Linapita juu ya mstari, magurudumu huku na huku, mizabibu ikipita chini ya tumbo lake bila kuguswa. Nilisimamisha baiskeli nikalitazama hadi mwisho wa shamba. Dereva alipogeuza akanipungia mkono, nami nikampungia. Wanavuna mara moja tu kwa mwaka, na tulifika wakiwa katikati ya mavuno. Sisi huku tunapogoa na kuvuna mara mbili, na bado tunalia.

Kila kipande cha ardhi kina jina lake, na vingi vimezungushiwa ukuta mfupi wa mawe au vina jiwe la mpaka. Vipande hivyo viko 1,247, na mwaka 2015 UNESCO iliviingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Shamba la Montrachet, ambalo mvinyo wake mweupe wanautaja kwa sauti ya chini kama watu walio kanisani, halifiki hata hekta nane, tena limegawanywa kati ya vijiji viwili. Unaliona lote ukiwa juu ya kiti cha baiskeli.

Lakini Mhariri, si mizabibu iliyonifanya nishike kalamu.

Sisi tunaoendesha baiskeli barabara ya Iringa tunaendesha kwa masikio. Macho yanatazama mbele, masikio yako nyuma muda wote: hii ni bodaboda, hii ni Noah, hii ni fuso. Nikisikia semitrela nashuka kabisa, natembea mchangani hadi lipite. Mwaka 2016 lori lilimgonga mdogo wangu kwa nyuma, akiwa amefunga kreti mbili za zabibu kwenye kariya. Alifariki pale pale. Nilifika nikamkuta amefunikwa kanga ya mama mmoja wa jirani, na zabibu zimesambaa kwenye lami, magari yanazikanyaga. Tangu siku hiyo sijawahi kupanda baiskeli bila kugeuza shingo.

Sasa tulipokuwa kati ya Volnay na Meursault binti yangu akaniuliza, “Baba, mbona unageuka geuka? Umeangusha kitu?” Nikamwambia hapana. Tukaenda kidogo, nikageuka tena. Akapunguza mwendo, akawa sambamba nami, maana pale watu wawili wanaweza kwenda bega kwa bega. Akasema taratibu, “Hakuna kinachokuja, Baba.” Alikuwa ameelewa. Yule aliyegongwa na lori alikuwa baba yake mdogo.

Kuanzia hapo nilijilazimisha nisigeuke. Haikuwa rahisi, mwili una mazoea yake. Baada ya nusu saa hivi nikaanza kusikia vitu ambavyo sijavisikia miaka mingi nikiwa juu ya baiskeli. Nilisikia mkasi wa wavunaji ukikata vishada, tik, tik. Nilisikia zabibu zikimwagwa kwenye ndoo. Nilisikia mnyororo wangu mwenyewe, ulikuwa mkavu, unataka mafuta.

Siku ya tatu tulianzia Givry kwenda Cluny, kilomita 44. Hii ni njia ya aina nyingine, na ningependa wahandisi wetu waitazame. Zamani ilikuwa reli. Treni zilipokoma, hawakuacha tuta liote vichaka. Waling'oa mataruma, wakamwaga lami, na mwaka 1997 wakaifungua kwa waenda kwa miguu na baiskeli, ya kwanza ya namna hiyo Ufaransa nzima. Kwa kuwa treni haipandi mlima mkali, njia nayo haina mlima mkali. Unapita katikati ya vilima huku unakanyaga pedali kama uko uwanjani. Majengo ya stesheni bado yapo, na watu wanakaa kwenye kivuli chake wakila mkate. Niliona vizee, niliona mama anavuta kigari cha mtoto nyuma ya baiskeli, niliona kijana kwenye kiti cha magurudumu. Wote wanakusalimu. Usipoitikia wanakushangaa, kama kijijini kwetu.

Sisemi hakuna hatari kabisa. Njia inakatiza barabara ndogo mara nyingi, na hapo mwenye baiskeli ndiye anayetakiwa kusimama. Lakini kila panapokatiza wameweka vizuizi, baiskeli inapenya, gari halipenyi.

Tulipumzika Buxy, penye chama cha ushirika cha wakulima wa zabibu kilichoanzishwa mwaka 1931. Pale wanachama wanasindika zabibu zao wenyewe na kuuza mvinyo wao wenyewe, na wapita njia wa baiskeli ni wateja. Nitaliandikia barua yake jambo hili, maana linauma. Tulipopungukiwa maji binti yangu alinipeleka makaburini. Nilisita, akacheka, akanionyesha bomba ukutani. Makaburi mengi kule yana bomba la kumwagilia maua, na waendesha baiskeli wanalijua.

Baadaye tulipita chini ya kilima cha Taizé, ile jumuiya ya kikristo iliyoanza mwaka 1940, ambayo iliwakusanya vijana wetu Nairobi mwaka 2008. Tulilala Cluny, penye abasia, yaani nyumba ya watawa, ya mwaka 910. Sehemu kubwa ya kanisa lake ilibomolewa, yamebaki mabaki, nayo peke yake yanakuinua kichwa.

Siku iliyofuata tuliingia kwenye handaki la reli la Bois Clair. Lina urefu wa kilomita moja na nusu na zaidi, lina taa, na ubaridi wake ni wa kuvaa koti hata jua likiwaka nje. Binti yangu akaniambia kwamba wakati wa baridi handaki hilo hufungwa kwa ajili ya popo, ili walale bila kusumbuliwa, na watu wa baiskeli wanazungukia juu ya kilima. Nilinyamaza hadi tulipotoka upande wa pili, kwenye mizabibu ya Mâcon. Kule wameweza kuwawekea popo utaratibu. Mdogo wangu hakuwa na hata futi mbili za kupita.

Ndiyo maana nasema msomaji mwenzangu amekosea. Wale hawakujenga anasa. Walichukua njia ya shamba na tuta la reli lililokufa, vitu walivyokuwa navyo, wakaamua gari lisipite hapo. Lami ina gharama, sikatai. Uamuzi wenyewe hauna bei, na uamuzi ndio tunaokosa sisi. Hata hapa mkoani kwetu, wazee wa Kongwa wanaijua ile reli iliyokufa, ya enzi za mradi wa karanga wa wakoloni, iliyotoka Msagali. Nani aliwahi kuuliza tuta lile lingefaa nini?

Sitaki kuomba makubwa. Nyuma ya mashamba yetu ya Mpunguzi kuna njia ya vumbi ambayo watoto wa shule na sisi wenye baiskeli tungeweza kuitumia badala ya barabara kuu. Hatuitumii kwa sababu malori ya mchanga yameigeuza mchepuko. Tulipolalamika kwa ofisi inayohusika tuliambiwa tusubiri bajeti. Mimi naomba serikali ya kijiji ituruhusu tusimamishe nguzo mbili za zege kila mwisho wa njia, zilizoachana upana wa baiskeli yenye kreti. Nguzo moja iwe ya kung'oa, ili wakati wa mavuno gari la kubeba zabibu liingie, na ufunguo wake ukae kwa mwenyekiti. Mifuko miwili ya saruji ninayo nyumbani tayari, na jirani yangu amejitolea nondo.

Mkulima wa zabibu,
Mpunguzi, Dodoma.