Hukumu ya Harvard haikuziba vyuo midomo

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu udahili katika vyuo vikuu vya Marekani ilisema kwamba tangu 2023 suala la rangi "limepigwa marufuku" huko, na ikawashauri wazazi wenye watoto wanaoomba nafasi wahakikishe watoto hawagusii asili yao popote kwenye maombi. Maelezo hayo ni nusu ya ukweli. Ushauri wenyewe unaweza kumnyima kijana hoja ambayo sheria bado inamruhusu kuitumia.

Hukumu inayozungumzwa ilitolewa na Mahakama ya Juu ya Marekani tarehe 29 Juni 2023. Kikundi kiitwacho Students for Fair Admissions kilikuwa kimevishtaki Chuo Kikuu cha Harvard na Chuo Kikuu cha North Carolina kwa kuzingatia rangi ya mwombaji katika udahili. Kura zilikuwa 6 kwa 3 dhidi ya North Carolina, na 6 kwa 2 dhidi ya Harvard, kwa kuwa Jaji Ketanji Brown Jackson alijitoa katika shauri la Harvard. North Carolina ni chuo cha jimbo, kwa hiyo kilibanwa na Marekebisho ya 14 ya Katiba, yanayodai usawa mbele ya sheria. Harvard ni chuo binafsi, na Marekebisho hayo hayakigusi moja kwa moja. Kilichokinasa ni Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, Sehemu ya Sita, inayokataza ubaguzi wa rangi kwa yeyote anayepokea fedha za serikali kuu. Harvard inapokea fedha hizo, kama karibu kila chuo kikubwa nchini humo.

Mahakama ilikataza mwombaji kupewa uzito kwa sababu tu ya kisanduku cha rangi alichotia alama. Mwishoni mwa hukumu, Jaji Mkuu John Roberts akaandika kwamba hakuna humo kinachokizuia chuo kuzingatia mwombaji anavyoeleza jinsi rangi ilivyoyagusa maisha yake, iwe kwa kubaguliwa, kwa kutiwa moyo au vinginevyo, mradi maelezo hayo yafungamane na sifa yake binafsi: ujasiri, uongozi, au kitu mahususi atakachokichangia chuoni. Hapo hapo akaonya kwamba insha isigeuzwe mlango wa uani wa kurudisha kile kilichofukuzwa kupitia mlango wa mbele. Maneno yote mawili yasomwe pamoja. Makala yenu ililisoma onyo na kuiruka ruhusa.

Kwa mwombaji, tofauti iko hivi. Insha inayosema "mimi ni Mwafrika na ninajivunia asili yangu" haimpi msomaji wa maombi kitu anachoweza kukitumia kihalali, kwa kuwa hakuna sifa iliyofungamana na asili hiyo. Sasa mchukue binti wa familia ya Kikongo iliyofika kama wakimbizi. Anaeleza kwamba alipangwa darasa la wasiojua Kiingereza kwa kutazamwa uso tu, akaomba apimwe upya, akafaulu, kisha akawa anawasindikiza watoto wengine wanaozungumza Kiswahili kwenye upimaji huo huo. Ameonyesha rangi ilivyomgusa, alivyolikabili jambo hilo, na atakachokwenda nacho chuoni. Insha ya namna hiyo inasomeka kihalali hata leo. Kinachoharibu insha nyingi ni kuishia kwenye machungu. Mwandishi anaueleza ubaguzi kwa aya tatu, halafu alichokifanya yeye anakipa sentensi moja.

Lakini nia ya barua hii si insha tu. Makala ilidai pia kwamba "hakuna aliyewahi kuonyesha kwa hesabu" madhara ya kuondoa kigezo cha rangi. Hesabu hizo zipo, na nyingi zilifanyika miaka kumi kabla ya hukumu, kwa sababu majimbo kadhaa yalitangulia kupiga marufuku kigezo hicho. California ilipitisha Pendekezo 209 mwaka 1996, Washington ikafuata 1998, Florida 1999, Michigan 2006, Nebraska 2008. Texas nayo ilikuwa chini ya hukumu ya mahakama ya rufani ya 1996 iliyokikataza, hadi Mahakama ya Juu ilipokikubali kigezo hicho mwaka 2003, katika kesi ya Grutter. Mtafiti hapati maabara bora kuliko hiyo: unapima majimbo yenye marufuku kabla na baada, kisha unayalinganisha na yale yasiyokuwa nayo katika miaka hiyo hiyo.

Kazi hiyo ndiyo aliyoifanya Liliana Garces, mwanasheria na mtafiti wa elimu katika Chuo Kikuu cha Texas huko Austin. Alipouelekeza utafiti wake kwenye shahada za uzamili na uzamivu aligusa mahali wengine walipopapita. Mjadala wa umma hubaki kwenye shahada ya kwanza, na huko majimbo yana njia mbadala. Texas, kwa mfano, ilitunga sheria mwaka 1997 ya kuwadahili moja kwa moja wanafunzi walio katika asilimia 10 ya juu ya kila shule ya sekondari. Mpango huo huleta mchanganyiko wa rangi kwa sababu moja ambayo watetezi wake hawapendi kuitaja: shule zenyewe zimetengana kwa rangi kiasi kwamba ukichukua vinara wa kila shule utapata watu wa kila aina. Sasa jaribu kuupeleka mpango huo kwenye udaktari wa tiba au uzamivu wa uhandisi. Hauendi. Waombaji wanatoka nchi nzima, nafasi ni chache, na uamuzi uko mikononi mwa kamati ndogo ya maprofesa.

Katika majimbo manne, yaani California, Florida, Texas na Washington, Garces alikuta kwamba marufuku yalipunguza sehemu ya wanafunzi Weusi, Walatino na Wenyeji wa asili wa Marekani katika masomo ya uzamili na uzamivu kwa wastani wa takriban 12%. Uhandisi ulishuka kwa 26%, sayansi asilia 19%, sayansi ya jamii karibu 16%, na fani za lugha na falsafa karibu 12%. Baadaye, pamoja na David Mickey-Pabello, alipima vyuo vya udaktari wa tiba katika majimbo sita: sehemu ya wanafunzi hao ilishuka kutoka 18.5% hadi 15.3%, yaani punguzo la karibu 17%.

Hapa wanahabari huteleza. "26%" ya uhandisi haina maana kwamba nafasi 26 katika kila 100 zimepotea. Sehemu yao ilishuka kutoka 6.2% hadi 4.6%, yaani pointi 1.6. Ukigawanya 1.6 kwa 6.2 ndipo unaipata ile 26%. Tarakimu zote mbili ni za kweli. Anayetaka kutisha huchukua 26% na anayetaka kupuuza huchukua pointi 1.6, kwa hiyo gazeti lizitaje pamoja.

Vyuo vyenyewe vimetoa ushahidi unaokwenda sambamba na huo. Katika maelezo kilichoyapeleka kwa Mahakama ya Juu, Chuo Kikuu cha Michigan kilisema wanafunzi Weusi wa shahada ya kwanza walishuka kutoka 7.03% mwaka 2006 hadi 4.04% mwaka 2021. Vyuo vya California vikasema vimetumia zaidi ya nusu bilioni ya dola tangu 2004 kwenye mbinu zisizotaja rangi na bado havijafika vilipotaka.

Takwimu za baada ya hukumu zinahitaji uangalifu zaidi, na makala yenu ilizibeba kwa mkupuo. Kwa darasa lililoanza 2024, MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts, ilitangaza wanafunzi Weusi 5% baada ya wastani wa 13% miaka iliyotangulia. Chuo cha Amherst kilitoka 11% hadi 3%, North Carolina 10.5% hadi 7.8%, Harvard 18% hadi 14%. Yale ilibaki 14%, na Princeton haikusogea sana kutoka 9%. Kabla ya kuzipanga kwenye jedwali moja, uliza kila chuo kimegawanya kwa nini. Harvard ilikokotoa asilimia zake kwa kuwaacha nje wasiotaja asili yao, na hao waliongezeka kutoka 4% hadi 8%.

Tena kuna jambo ambalo wasomaji wa Afrika Mashariki hulikosea zaidi ya wote. Katika takwimu rasmi za serikali ya Marekani, kijana wa Kenya au Tanzania aliyekwenda kwa viza ya masomo hahesabiwi katika safu ya Weusi hata kidogo. Anawekwa kwenye safu ya wasio wakazi, pamoja na Mchina na Mjerumani. Mkimbizi kutoka Kongo aliyepokewa rasmi, au mwenye ukazi wa kudumu, anahesabiwa kwa rangi. Mwenye asili zaidi ya moja ana safu yake, na Mlatino huandikwa Mlatino hata akiwa mweusi tititi. Kwa hiyo anayemshauri mwanafunzi wa Nairobi kwamba hukumu "imemfungia mlango" anachanganya safu mbili tofauti. Kikwazo cha kijana huyo kwa kawaida ni ada na viza.

Turudi kwa Garces, kwa kuwa sehemu ya kazi yake inayofaa zaidi leo haina asilimia. Yeye na wenzake waliwahoji watendaji wa Chuo Kikuu cha Michigan baada ya marufuku ya jimbo hilo, wakiwemo ambao kazi zao hazikuwa za udahili. Sheria ilikataza upendeleo, haikukataza mazungumzo. Hata hivyo watendaji waliona wamenyang'anywa nguvu za kulitaja suala la rangi katika kazi za kila siku. Baadaye wakalipa jina jambo la aina hii, ambalo kwa Kiswahili tunaweza kuliita usheria kandamizi: tishio la sheria, au tafsiri yake ya woga, linakifanya chuo kijikataze mambo ambayo sheria haijayakataza. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Mwenendo huo una sura inayotabirika. Wakili wa chuo anaulizwa "je, tunaweza kushtakiwa?" badala ya "je, sheria inakataza?" Swali la kwanza jibu lake ni ndiyo daima, kwani Marekani mtu anaweza kushtakiwa kwa lolote. Kutokana na jibu hilo programu inafutwa, kisha jirani anaiga, na baada ya mwaka tafsiri ya woga inaonekana kana kwamba ndiyo sheria yenyewe. Siku ile ile ya hukumu, mfumo wa Chuo Kikuu cha Missouri ulitangaza kuondoa kigezo cha rangi hata kwenye ufadhili, ingawa shauri lilihusu udahili. Huenda wanasheria wao walikuwa na hoja, kwa sababu Sehemu ya Sita inagusa fedha pia. Ila hoja ya namna hiyo hupimwa kwa siku kadhaa, haimalizwi kwa saa chache.

Woga huo ulichochewa tena tarehe 14 Februari 2025, Wizara ya Elimu ya Marekani ilipoviandikia vyuo barua ikiipanua hukumu hadi kwenye ajira, ufadhili na karibu kila shughuli ya maisha ya chuoni. Barua ya wizara si sheria, na mahakama ya shirikisho huko Maryland iliitengua Agosti 2025. Makala yenu imeinukuu kana kwamba bado inasimama.

Tunaomba mchapishe masahihisho ya mambo mawili: ile ruhusa ya kuandika kuhusu rangi katika insha, na hali ya barua ya Februari 2025. Na mtakapochapa tena takwimu za udahili, jedwali liwe na safu tano: walioomba, waliokubaliwa, walioripoti chuoni, wasiotaja asili, na wasio wakazi. Safu ya walioripoti ikiwa peke yake haionyeshi kama wanafunzi walikataliwa, hawakuomba kabisa, au walikubaliwa wakaenda kwingine.

Wasomaji wenu