Hata ganda la korosho ni la asili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo ambalo limenikaa kooni tangu bamvua la mwezi uliopita. Najua kurasa zenu zina mambo mengi, bei ya korosho, ufuta, barabara, lakini hili nalo linafanyika majumbani mwetu kila siku na watu wanaumia kimya kimya kwa sababu wanaona aibu kusema wameumizwa na ndimu.

Mimi ni msusi hapa Mikindani, mwaka wa kumi na saba huu nasuka na kuosha vichwa vya watu, na kabla ya hapo nilikuwa nafuatana na bibi yangu kwenye nyumba za maharusi, yeye alikuwa somo, yule mama anayemfunda na kumtayarisha bi harusi, anamfanyia singo, yaani kumsugua mwili kwa vitu vya asili, siku saba kabla hajatoka. Kwaiyo vitu vya asili mimi sio mgeni navyo na wala sivipingi, nimekua navyo, nimepakwa mafuta ya nazi na liwa, ule mti wa kunukia unaosuguliwa, toka mtoto na wanangu nimewalea hivyo hivyo. Ila saivi neno asili limekuwa kama ruhusa, kitu kikishaitwa cha asili basi mtu anajipaka tu, hapimi, haulizi, hangoji. Bibi hakuwa hivyo hata siku moja.

Binti wa dada yangu ana miaka 19, analima mwani na mamake. Alikuwa ameshalipiwa mahari, harusi imekaribia, akaona kwenye simu video ya mdada anakamua ndimu, anatia magadi kidogo na asali, anajipaka uso na shingo, anaosha, uso unang'aa kama kioo. Na yeye akafanya. Akajipaka alfajiri, akaosha haraka haraka mana maji yalikuwa yanatoka na mwani haumngoji mtu, akashinda baharini juani mpaka saa nane. Siku ile hakuona kitu. Kesho yake jioni uso unawaka moto, siku iliyofuata malengelenge shavuni na shingoni, tena kwa mistari kabisa pale maji ya ndimu yalipochuruzikia. Akaja kwangu amejifunika mtandio hadi machoni, "mama mdogo nisitiri, zimebaki siku tisa". Mhariri nililia mimi kabla yake.

Tukaenda zahanati, muuguzi alimwangalia akauliza swali moja tu, ulishika ndimu ukaenda juani? Akatueleza kwamba ndimu na limau vina kitu ndani ya maji yake, na kwenye ganda ndo kingi zaidi, ambacho kikibaki kwenye ngozi alafu jua likakipiga kinageuka kuwa cha kuunguza. Sio aleji ya mtu mmoja mmoja, kinampata yeyote, mweupe mweusi. Na hakianzi siku ile ile, kinakuja kesho au keshokutwa, ndo mana watu hawajui kilichowaunguza ni nini, wanasema nimerogwa, nimetambaliwa na mdudu. Malengelenge yakipona yanaacha weusi unaokaa wiki kadhaa na wengine miezi. Yani mtu katafuta kung'aa kapata mabaka. Nilipotoka pale nikakumbuka wateja wangu wawili wauza samaki wenye madoa meusi mikononi yasiyoisha, kazi yao kukamulia watu ndimu mchana kutwa kwenye jua.

Na yale magadi jamani, si ndio tunayoweka kwenye maharage yaive upesi? Kitu kinachovunja harage gumu unakisugulia usoni unategemea nini. Ngozi ya mtu ina uchachu wake kidogo unaoilinda, ukiipima kwa kipimo cha uchachu (pH, namba ikishuka uchachu unazidi) inakuwa kama 5, ndimu iko kwenye 2 na magadi yanapita 9, sasa wewe unaipiga ngozi ile ile huku na huku kwa dakika kumi.

Mtu wa kusini angepaswa kulijua hili kuliko mtu yeyote Tanzania. Sisi tumezaliwa chini ya mikorosho. Ni nani hapa hajawahi kung'ata korosho mbichi akiwa mtoto midomo ikababuka? Mama zetu wanaobangua wanajipaka majivu au mafuta mikononi kwanza kabla hawajashika hata moja, mana ganda la korosho lina mafuta yanayochoma ngozi, ukiyazoea vibaya vidole vinachubuka mpaka alama za dole zinapotea. Na mkorosho umeota nyuma ya nyumba, hauna kiwanda, hauna kemikali ya dukani, ni wa asili mara ngapi? Alafu kuna watu mpaka leo wanashauriana kupaka mafuta ya ganda kuondoa sunzua na madoa, nimeshamwona mama mmoja mguuni ana kovu kama sarafu, sunzua imeondoka kweli lakini na nyama imeondoka nayo.

Sasa nisiishie kulalamika mana vipo vizuri na vinahitaji kuandikwa kabla wazee hawajaisha wote.

Mafuta ya nazi. Bibi alikuwa anachukua nazi kavu zilizokomaa kumi au kumi na mbili, sio dafu sio koroma, tunazikuna kwenye mbuzi mimi na dada zangu mpaka mikono inakufa ganzi, tui linakamuliwa mara mbili, linafunikwa linalala. Asubuhi ule utando mzito umepanda juu, maji yamebaki chini, anaupakua ule wa juu tu. Anaubandika moto mdogo, mdogo kweli, anakaa nao. Siri yake ilikuwa masikio, alikuwa anasikiliza, sufuria ikiacha kupiga kelele za kuchemka maana yake maji yameisha, shata imekuwa ya kahawia na mafuta yamekaa meupe kama maji, anaepua hapo hapo. Akichelewa mafuta yananuka kuungua, akiwahi maji yanabaki ndani na baada ya wiki yanachacha. Chupa lazima iwe kavu kabisa. Ile shata tunagombania na watoto wenzangu kula. Nazi hizo zote zinatoa kama lita moja tu, ndo mana nikiona mtu anauza chupa kubwa ya mafuta ya nazi kwa bei ya soda najiuliza mwenzetu nazi anaziokota wapi.

Kuyajua halisi sio kazi. Mafuta ya nazi yanaganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 au 25 hivi, kwaiyo hapa kwetu mwezi wa saba, chupa ikilala dirishani asubuhi utaikuta nyeupe, mchana inayeyuka yenyewe. Miezi ya joto iweke kwenye friji. Yasipoganda, au yakiganda nusu na juu yakabaki kimiminika, yamechanganywa.

Na kwenye nywele wengi mnayatumia kinyume. Mnaosha, mnakausha, alafu mnapaka mafuta juu kung'arisha. Yapake kabla ya kuosha, usiku au hata saa moja kabla, alafu ndo uoshe. Mafuta ya nazi yana tabia ya kuingia ndani ya unywele, mengi mengine yanakaa juu tu, na yakishaingia unywele hauvimbi sana kwa maji na haukatiki ovyo. Wahindi walilipima hili wakalichapisha mwaka 2003, walilinganisha na mafuta ya alizeti na mafuta ya madini, ya nazi peke yake ndio yaliyopunguza unywele kupoteza protini yake ukioshwa. Bibi hakusoma lakini alikuwa anatupaka usiku wa kuamkia Ijumaa tunaoshwa asubuhi. Ila ukiwa na chunusi usipake usoni, yanaziba vitundu na kuziongeza, hilo nimeliona kwa wasichana wengi.

Niseme ukweli mwingine ambao hautawapendeza wasusi wenzangu, hakuna mafuta yanayootesha nywele kwa wiki. Nywele zinarefuka kama sentimita moja kwa mwezi, mtu anaekuuzia maji ya vitunguu sijui karafuu sijui nini kwamba utapata nywele za mgongoni kabla ya Idi anakula hela yako. Na kingo zinazokimbia mbele ya paji tatizo sio mafuta, ni sisi tunavyobana rasta mpaka mteja hawezi kufumba macho. Mteja akikwambia inauma, legeza. Ukiendelea miaka na miaka zile kingo hazirudi tena hata zipakwe nini.

Shubiri nayo, hii alovera, kila nyumba ina kopo lake uani, lakini watu wanakata wanajipaka papo hapo wanawashwa. Jani ukilikata linatoa maji ya njano machungu, yale yale ambayo mama zetu walikuwa wanajipaka kwenye chuchu mtoto aache kunyonya. Hayo ndio yanayowasha. Lisimamishe jani kwenye bakuli robo saa yachuruzike, lioshe, menya, chukua ule ute mweupe wa katikati peke yake. Liwa sina maneno mengi, ni kupata gogo la kweli ukalisugua mwenyewe kwenye jiwe kwa maji ya waridi, ule unga wa vipakti sokoni mwingi ni vumbi la mbao na rangi. Manjano pia, nunua vile vidole vizima utwange.

Na chochote kile kigeni kwako, hata kama kimetoka jikoni, paka kwanza kidogo nyuma ya sikio au kwenye kiwiko kwa ndani, ngoja siku mbili. Bibi alikuwa anamfanyia hivyo kila bi harusi kabla ya singo na bi harusi akilalamika anambadilishia.

Kinachonitisha zaidi ni vile vikopo. Wanapita nyumba kwa nyumba, krimu ya asili ya manjano na papai, kopo halina jina la aliyetengeneza, halina tarehe, halina chochote, mtu anapaka wiki mbili anakuwa mweupe. Dada zangu, manjano hayajawahi kumfanya mtu mweupe kwa wiki mbili toka dunia iumbwe, ukiona hivyo ujue humo ndani kuna mkorogo umevalishwa kanzu ya asili. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchi hii, na sio kwa sababu serikali haipendi watu weupe, zebaki inapita kwenye ngozi inaenda kukaa kwenye figo, na mama anaenyonyesha anampa mpaka mtoto. Toka 2019 kazi ya vipodozi iko TBS, Shirika la Viwango Tanzania, kwaiyo mtu akiletewa kopo la hivyo asikae kulibishana na jirani, alipeleke, au walau amwoneshe afisa afya wa kata.

Kuna mama mmoja ana mtoto mwenye ualbino, aliniuliza kama mafuta ya nazi yatamkinga na jua. Hapana mama, na wengine mnaosoma mnaofikiri hivyo hapana, hayazuii jua kwa kiasi cha maana, ya ufuta wala ya nazi. Mtoto yule anahitaji mafuta maalumu ya kuzuia jua kutoka hospitali, kofia pana, mikono mirefu, na kuangaliwa ngozi mara kwa mara, mana saratani ya ngozi inawamaliza wangali vijana.

Ombi langu kwako Mhariri ni kona ndogo tu kwenye gazeti, hata mara moja kwa mwezi, muweke muuguzi au daktari wa ngozi upande mmoja na mabibi zetu wa Mikindani, Lindi, Kilwa Kivinje upande mwingine, bibi aseme anavyofanya na kwa kipimo gani, daktari aseme lipi linafaa na lipi liachwe. Wasichana wanasoma, wanapiga picha ukurasa wanatumiana, saivi wanachotumiana ni ndimu na magadi kwa sababu hicho ndicho kilichopo. Mimi niko tayari kuwapeleka waandishi wenu kwa mabibi wawili ambao bado wanasugua liwa kwa jiwe, mmoja macho yameshaanza kuwa mazito kwaiyo msikawie.

Binti yetu aliolewa siku ile ile iliyopangwa. Singo nilimfanyia mimi, mikono, mgongo na miguu. Uso sikumgusa.

Wako,
Msusi, Mikindani, Mtwara