Barua ya wazi kwa Gavana wa Mombasa Abdulswamad Nassir: leta stakabadhi kabla ya uchaguzi wa 2027

Asalaam aleikum Mheshimiwa,

Mi si mtu wa chama, kadi yangu ni ya kura tu. Nakuandikia mapema kabla mabango hayajajaa Buxton na vijana hawajaanza kulipwa wapige kelele.

Safari yako twaijua. Ulipoingia bungeni 2013 kwa tiketi ya ODM pale Mvita, wako waliosema jina la marehemu mzee Shariff Nassir ndo limembeba, na kusema kweli jina halikukudhuru, nani hapa mjini asiyemjua mzee? Lakini 2017 ukarudi, ukawa mwenyekiti wa kamati ya bunge ya uwekezaji wa umma, ile PIC, hapo ndo nikaanza kukuangalia vizuri. Wakubwa wa mashirika ya serikali walikuja mbele yenu na mafaili chungu nzima na bado wakatakiwa waeleze hoja za mkaguzi mkuu moja baada ya nyingine, hii pesa ilienda wapi, nani alitia sahihi. Raha kweli kutazama, tuseme ukweli.

Halafu 2022. Shahbal, aliyeitaka tiketi ya ODM kama wewe, akaketishwa na Baba, yaani Raila Odinga, akakuachia tiketi, sawa, siasa ndo hiyo. Agosti 9 tukapanga foleni tukachagua rais, seneta, mbunge, wote, kasoro gavana, eti karatasi zina picha zilizokosewa! Sisi na Kakamega tungoje. Ikawa tarehe 23, ikasogezwa tena 29, na hapo rais ashatangazwa, Baba ashaambiwa kashindwa, hakuna wimbi la kitaifa la kumbeba mtu. Mama wa Likoni akavuka feri upya, akapanga foleni upya, kwa karatasi moja tu. Zaidi ya watu 119,000 wakakupa wewe, mpinzani wako wa UDA, Hassan Omar, akabaki kwenye 98,000 na kitu. Zile kura Mheshimiwa hazikuwa za chama, zilikuwa zako, na ndo maana deni nalo ni lako.

Sa hii Baba hatunaye, Mungu amrehemu. Hassan Omar ni katibu mkuu wa UDA, chama cha Rais Ruto, na chama chako na chake walitia sahihi makubaliano Machi 2025, kwa hivyo sijui 2027 mtatutisha na nani, maana adui wa jana leo mwaketi naye meza moja.

Kwa hivyo ombi langu ni moja. Kabla ya mchujo, fanya vikao vya wazi, si vya hoteli, na uje na ripoti za mkaguzi mkuu za kaunti yetu, kila hoja na majibu yake, waziri wako wa fedha akiwa kando yako, na sisi tuulize vile mlivyokuwa mkiuliza nyinyi kwenye PIC. Anzia Likoni, kisha Jomvu, Tononoka iwe ya mwisho. Na maswali yasiandikwe kwanza kwa karatasi yakachujwe na maafisa wako, kipaza sauti kipite kwa watu.