Pesimeka haiwekwi ikasahauliwa

Mhariri,

Wengi huiita pesimeka, kile kifaa kidogo kinachopandikizwa kifuani kulinda mapigo ya moyo, "mashine ya kusukuma damu". Sivyo. Damu husukumwa na msuli wa moyo wenyewe. Kifaa hiki kazi yake ni kuusikiliza. Kikipangiwa mapigo 60 kwa dakika, husubiri sekunde moja baada ya kila pigo. Moyo ukichelewa, hutuma mshtuko mdogo wa umeme. Ukipiga wenyewe, hunyamaza. Kwa hiyo hakitibu presha wala mishipa iliyoziba. Humfaa anayezimia kwa sababu mapigo yake ni ya polepole mno, au umeme wa moyo umekatika kati ya vyumba vya juu na vya chini.

Arne Larsson wa Sweden ndiye wa kwanza kupandikiziwa, tarehe 8 Oktoba 1958, na daktari Åke Senning, kwa kifaa cha mhandisi Rune Elmqvist. Kilidumu saa chache tu. Alibadilishiwa zaidi ya mara 20, akafariki mwaka 2001 akiwa na miaka 86.

Siku hizi betri ya lithiamu hudumu miaka 5 hadi 15. Haichajiwi, na haizimiki ghafla: kipimo cha kliniki huonyesha miezi kadhaa kabla kwamba inakwisha. Anayeruka kliniki kwa kuwa "najisikia vizuri" ndiye anayejiweka hatarini. Wakati wa kubadilisha, waya unaokiunganisha kifaa na moyo ukiwa mzima huachwa, kikatolewa kikasha chenye betri peke yake.

Waya ndio wa kuchungwa zaidi. Hupitishwa kwenye mshipa chini ya mtulinga hadi ndani ya moyo, na wiki za mwanzo ncha yake haijashika sawasawa. Mkono wa upande huo usiinuliwe juu ya bega mpaka daktari aruhusu, ila usifungwe kabisa, bega litakakamaa. Kizunguzungu kikirudi, au kwikwi isiyokoma ikianza, huenda waya umehama.

Kidonda kikivimba, tafadhali asiwepo wa kukichoma sindano "kutoa maji". Bakteria wakiingia, dawa peke yake kwa kawaida haitoshi. Hung'olewa kifaa na waya pamoja.

Simu ikae sentimita 15 kutoka kifuani, kadi yenye maelezo ya kifaa isiachwe nyumbani. Na familia zinazochoma maiti ziwaambie wahudumu mapema: betri hulipuka motoni, hivyo lazima kifaa kitolewe kwanza.