Mali kauli ya intaneti inatuumiza

Mhariri,

Nauza intaneti ya vocha hapa Mbagala, shilingi 500 kwa siku. Mzigo nachukua kwa kampuni ya jumla kwa mali kauli: ankara ikitoka, nina siku 30 za kulipa. Ndivyo tulivyoandikishana.

Mwezi uliopita, siku ya 12 tu baada ya ankara, wakanikatia bila hata kunipigia simu. Ijumaa jioni, vijana wamejaa kibarazani kwangu wamekodolea simu zao! Nilipouliza nikaambiwa masharti yamebadilika, sasa ni siku 7. Yamebadilishwa na nani? Karatasi niliyosaini ninayo.

Mei 2024, nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, huduma ilisuasua na wateja wakanidai vocha zao. Ankara ilikuja kamili, haikupungua hata senti.

Sikatai, wapo wenzetu wanaokula makusanyo kisha wanahamia kampuni nyingine na kuacha deni. Hao wabanwe. Ila TCRA, mamlaka ya mawasiliano wanaotoa leseni, waweke muda wa notisi kabla ya kukatiana, na punguzo kwa siku ambazo mzigo haukufika.

Muuza vocha,
Mbagala, Dar es Salaam