Utando umebanduka

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima wa afya na kwamba hukuniwekea kinyongo kwa kimya cha miezi mitano. Mimi sijambo, mgonjwa ni tangi langu, na ndilo lililonishikisha kalamu usiku huu.

Utakumbuka kwamba nilikuwa nikikuza utando, yaani tabaka la bakteria walioshikana kwa ute, wa aina ya Actinobacillus succinogenes, wale waliotolewa katika tumbo la ng'ombe na kupewa jina lao mwaka 1999, ili wanitengenezee asidi ya saksiniki, ile malighafi ya plastiki na kemikali nyingine. Kwa siku 21 mambo yalikwenda vyema: nyuzijoto 37, pH (kipimo cha uasidi) 6.8, kabonidioksidi ikipulizwa bila kukoma, na maji ya glukosi yakiingia mililita 100 kwa saa katika tangi la lita moja. Utando ulivishika vishikizo vya plastiki kama ukoga unavyoshika jiwe la mtoni.

Kisha tamaa ikaniingia. Siku ya 22 nilipandisha mtiririko hadi mililita 400 kwa saa, nikaongeza na kasi ya kukoroga ili gesi isambae vizuri, kwa kuwa kila molekuli ya asidi ya saksiniki hujengwa kwa kunasa molekuli moja ya kabonidioksidi. Kulipokucha nilikuta vipande vya utando vikielea kama matambara na mrija wa kutolea umeziba. Yule mzee wetu alipita, akachungulia, akaguna, akaenda zake. Afadhali angenitukana.

Hesabu yangu haikuwa ya kipuuzi. Bakteria wanaoelea huzolewa na mkondo pindi maji yanapobadilishwa upesi kuliko wanavyozaliana, ilhali walioshikilia hubaki na kuendelea na kazi. Hiyo ndiyo sababu tunahangaika na utando badala ya kuridhika na mchanganyiko wa kawaida. Nililosahau ni kwamba utando uliokulia katika maji matulivu huwa mnene na laini, na mkondo wa ghafla huukuta haujajiandaa.

Hata hivyo siamini kwamba mkondo peke yake ndio wenye hatia. Kuna jambo nimekuficha hadi hapa kwa aibu: siku hiyohiyo nilibadilisha pia kizimua asidi. Tope la hidroksidi ya magnesiamu lilikuwa likiziba mirija kila baada ya siku mbili, nami nikachoka, nikaweka hidroksidi ya sodiamu ambayo huyeyuka yote. Wewe ndiwe uliyenifundisha kwamba ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, zikiwa na chaji mbili, kama za magnesiamu na kalsiamu, hufunga pamoja nyuzi za ute unaowashikilia bakteria, na kwamba sodiamu ikizidi huchukua nafasi zao bila kufunga chochote. Nilibadilisha mambo matatu kwa siku moja, na sasa sijui nimlaumu nani. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asingefanya hivyo.

Tena kuna wakati nadhani utando ulikuwa umekwisha kuoza kwa ndani kabla sijaugusa. Ulipofikia unene ule, glukosi iliishia kwa walio juu, na asidi ikarundikana chini bila njia ya kutoka. Yawezekana tabaka lililoshika plastiki lilikwisha kufa kwa njaa, nao mkondo ukamalizia tu. Lakini basi, kwa nini vishikizo vilivyo karibu na kikorogeo ndivyo vilivyobaki na utando, mwembamba lakini mzima? Hilo hunirudisha palepale kwenye mkondo, na safari hii kama rafiki badala ya adui.

Lililoniuma zaidi ni vipimo vya saa chache kabla ya kubanduka. Asidi iliyotoka kwa saa iliongezeka, nikafurahi, lakini ilikuwa nyepesi, imejaa glukosi isiyotumika, na uwiano wake na asidi za asetiki na fomiki ulikuwa umeshuka. Atakayeitenganisha asidi hiyo atanilaani. Wakati mwingine nawaonea wivu watengenezaji wa siki, ambao tangu 1823 huko Ujerumani walidondoshea pombe polepole juu ya maranda ya mbao yenye bakteria, hewa ikipanda kutoka chini, wala hawakuwa na pampu ya kuwatia tamaa.

Jumatatu natia mbegu mpya ya bakteria. Je, wewe huanza kukoroga kwa nguvu tangu siku ya kwanza, au husubiri bakteria washike kwanza? Ukiongeza mtiririko, hupanda kwa hatua ngapi, na husubiri muda gani kati ya hatua na hatua? Nikibaki na sodiamu kisha nikaongeza chumvi kidogo ya magnesiamu katika maji yanayoingia, unadhani itatosha kuushikilia ute? Na vile vishikizo vyako vyenye uso wa kukwaruza bado unavyo, au ulivitupa ulipohama? Mama anaendeleaje na goti?

Nijibu kabla ya Jumatatu, hata kwa mistari miwili.

Wako wa siku zote